Kiatu Kilichokataa Weusi

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa kiwanda Mathilde alipopanda juu ya kiti, akasukuma ubao wa dari na kupapasa gizani akitafuta viatu vya mumewe.

Alijua vipo huko. Mwanamke aliyelala na mwanamume mmoja tangu ujana hafichwi kitu katika nyumba ya vyumba viwili. Albert alikuwa amevitia ndani ya gunia, akalifunga kwa waya na kulisukuma mbali, karibu na bati. Mathilde akalivuta kwa ncha za vidole. Vumbi likamwingia machoni, na harufu ikamshika puani... udongo mbichi, wa chini sana, usiowahi kuona jua.

"Ona huyu mwanaume," akanung'unika. "Mutoto anaolewa, yeye anataka kuvaa sandale."

Bénie, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Albert ndiye angemwingiza kanisani kwa mkono, mbele ya wakwe kutoka Lubumbashi, watu wa kumpima mtu kuanzia miguuni. Suti nyeusi ilikuwepo, ya zamani lakini safi. Viatu vilikuwa vya kahawia. Kununua vipya? Mwaka ule, hapo mtaani Shituru, mshahara wa kiwanda cha shaba ulikuwa umegeuka hadithi ya kuchekesha watoto. Vya kahawia vingegeuka vyeusi basi, na nani wa kuvigeuza kama si Mathilde mwenyewe?

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, tena ndiyo iliyowalisha. Tangu mishahara ikome hakuna aliyenunua viatu mtaani. Watu walimletea vya zamani, akavirudisha vimebadilika mpaka wenyewe wakabisha kwamba si vyao. Alikuwa na chungu cha munkoyo, togwa ya mahindi, uliochacha, kimejaa misumari yenye kutu, maji yake meusi kama wino. Alikuwa na unga wa betri za tochi zilizokufa, nta ya mishumaa na mafuta ya taa. Kwanza alikiosha kiatu kwa petroli kidogo hadi ngozi ibaki uchi, kwa sababu ngozi yenye uchafu haikubali rangi. Kisha maji ya kutu, kisha unga, kisha nta. Na kusugua, kusugua, mpaka bega lilie.

Jioni ile pembeni ya ukuta palikuwa na jozi moja imeshakauka, inang'aa. Ilikuwa ya François, kijana mkubwa wa Mama Colette wa nyumba ya tatu, mama aliyeimba na Mathilde kwaya ya kanisa. François alikuwa ameondoka wakati wa mvua za mwisho bila kuaga. Watu walisema ameenda Zambia kutafuta kazi. Colette alileta viatu vya mwanawe vya Jumapili vipakwe rangi, ili siku akirudi avikute tayari. Alipovileta alicheka. Mathilde alicheka naye.

Akaketi, akachovya kitambaa katika petroli, akaanza kufuta kiatu cha kulia cha Albert.

Kitambaa kikawa chekundu.

Akakigeuza upande wa pili. Chekundu tena. Ncha ya kiatu ilikuwa na doa pana, na Albert alikuwa amesema ni mafuta ya mashine. Mathilde alikuwa ameosha viatu vya mafundi nusu ya mtaa, aliyajua mafuta ya mashine. Haya hayakuwa mafuta. Akapitisha ncha ya kisu kwenye mshono, pale ngozi inapokutana na soli, kutoa udongo. Kisu kikagonga kitu kigumu. Akakibinya, kikaruka na kuanguka juu ya saruji, ti-ti-ti... kikatulia karibu na kidole chake cha mguu.

Jino.

Jino la mtu, la mbele, na mzizi wake.

Alilitazama muda mrefu. Moyo ulimwambia mambo ambayo hakutaka kuyasikia, akaufokea moyo wake. Labda mbwa. Labda kiatu kilikanyaga jalalani. Akaliokota kwa karatasi, akalitupa chooni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akapaka maji ya kutu. Kiatu kikawa cheusi palepale, kizuri, akakilaza jikoni na mwenzake na kwenda kusonga bukari.

Asubuhi cha kushoto kilikuwa cheusi. Cha kulia kilikuwa cheusi pia, isipokuwa ncha.

Doa lilikuwa limerudi, jekundu, na lilikuwa na unyevu.

Mathilde akapaka tena. Akaweka unga wa betri kwa ukali, kama anayemziba mtu mdomo, akakianika juani mchana kutwa. Hakumwambia mtu yeyote. Bénie alikuwa ndani na shangazi zake wakijaribu gauni, wakicheka, na Mathilde aliapa kimoyomoyo kwamba hakuna kitu, cha duniani wala cha chini yake, kitakachoigusa ndoa ya mwanawe.

Albert alikuwa ameondoka alfajiri, kama kila siku. Huyo Albert nimweleze kidogo. Alikuwa karani, na karani hata kiwanda kikinyamaza hubaki karani. Kila asubuhi alivaa shati na tai, akabeba mkoba, akaaga kwamba anaenda ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa. Mtaa mzima ulijua, mkewe alijua, naye alijua kwamba wanajua, lakini hakuna aliyekuwa na roho ya kumvua tai. Jioni alirudi na unga au samaki wakavu. Mathilde hakuwahi kuuliza vinatoka wapi, na kutouliza huko kulikuja kumuuma kuliko kitu kingine chochote.

Jioni ya Ijumaa umeme ulikatika. Shangazi wakampeleka Bénie kusukwa nyumba ya pili. Mathilde akabaki peke yake uani, na kibatari, na harufu ya nta. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkavu, baridi. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, akanyamaza ghafla.

"Hodi..."

Sauti ilikuwa ya chini, yenye maji ndani yake.

"Karibu. Ni nani?"

"Ni minye, mama. Nakuya kuona biatu."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni pa ua. Alifunga kitambaa kuanzia puani hadi kidevuni, kama wachimbaji wanavyojifunga kwa sababu ya vumbi. Hakuwa na viatu. Nguo zake zilikuwa na udongo mweusi, na zilichuruzika maji. Chup... chup... chup. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne.

"Giza inashaingia," Mathilde akasema. "Rudia kesho."

"Kesho njo siku ya ndoa."

Akaingia. Hakutoa kishindo hata kidogo. Akachuchumaa mbele ya jozi ya Colette, akaipapasa kwa mgongo wa mkono, taratibu.

"Hibi umebipaka muzuri," akanong'ona. "Aksanti. Mama atafurahi."

Mathilde akainua kibatari.

"Weye... ni nani?"

Kijana akaiachia jozi ile. Alinyoosha kidevu kuelekea viatu vya Albert.

"Lakini ile ya papa Albert, acha. Usiipake tena."

"Juu ya nini?"

"Ndani mule niko minye."

Akainua uso. Kitambaa kikateleza.

Hakukuwa na mdomo. Taya la chini lilining'inia upande mmoja kwa ngozi, meno ya mbele yote yalikuwa yameingizwa ndani, na koo lilikuwa limejaa udongo mweusi mpaka juu. Udongo ule ulitikisika. Kutoka ndani yake sauti ikarudia, polepole, bila mdomo wa kuisema:

"Usinifunge, mama..."

Mathilde akapiga yowe. Kibatari kikaanguka. Alipokiwasha tena, ua ulikuwa mtupu. Mbele ya viatu vya Colette palikuwa na kidimbwi cha maji meusi, nayo yalikuwa yananuka kama lile gunia la darini.

Albert alirudi akamkuta amekaa chini, viatu mapajani. Alipoviona, mkoba ulimtoka mkononi.

"Umebitoa wapi?"

"Albert. François iko wapi?"

"François gani?"

"Usiniulize François gani! Amekuya hapa. Amesimama pale. Hana kinywa, Albert!"

Mwanamume yule akashuka polepole ukutani mpaka akakaa. Alilegeza tai kana kwamba inamnyonga. Alizungumza kwa kunong'ona, na Mathilde ilimbidi asogee ili asikie.

"Niko naenda Kamatanda. Kuchimba madini. Juu mupate chakula... Ningesema nini? Minye karani, muntu wa bilo?" Shati na tai alivivulia vichakani na kuvitia mkobani, lakini viatu hakuvua, maana wachimbaji wangeviiba, na tena hangeshuka shimoni peku kama watoto wa mitaani. "Ile siku ya mvua tulikuwa chini, minye na François. Udongo ikaanguka. Maji ikaingia. Kamba ilikuwa moya. Nikatangulia kupanda. Yeye akanikamata muguu."

"Kisha?"

"Kamba ilikuwa inakatika, Mathilde. Alikuwa anasema, papa Albert, usiniache, papa Albert..." Akajifunika uso. "Nilimupiga na kiatu. Hakuachia. Nikamupiga tena. Na tena. Nilikuwa nasikia mifupa. Nilimupiga mpaka akaachia."

Kwa mbali mtu alikuwa akiimba nyimbo za harusi.

"Bantu benye walikuwa juu walisema tunyamaze, shimo isifungwe. Tukasema ameenda Zambia."

Hapo Mathilde alikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa wazi mbele yake. Nyumba ya Colette ilikuwa ya tatu, taa yake ya mafuta ilionekana. Angeweza kwenda. Alimchukia mumewe wakati ule, alimchukia kwa tumbo lote. Lakini alifikiria gauni lililotundikwa ndani, na wakwe njiani kutoka Lubumbashi, na Bénie aliyesubiri miaka mitatu. Akajiambia neno ambalo watu wazuri hujiambia wanapotaka kufanya jambo baya.

"Kisha ndoa," akasema. "Kisha ndoa tutamwambia."

Akachukua kitambaa. Akapaka kiatu cha kulia mara ya tatu, maji ya kutu, unga, nta, akaziba kila tundu, kila mshono. Alipokuwa akisugua alihisi ngozi ikipanda na kushuka chini ya vidole vyake, kidogo, kama kifua. Aliendelea kusugua mpaka ikatulia.

Jumamosi viatu vilikuwa vyeusi kuliko suti. Doa halikuwepo. Wakwe waliviangalia, wakatingisha vichwa kwa heshima, na shangazi mmoja akauliza vimenunuliwa wapi. Mathilde akacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kwaya ilikuwa imeanza, Colette mstari wa mbele, kitenge kipya kiunoni, sauti yake juu ya zote. Albert akamshika Bénie mkono mlangoni pa kanisa. Midomo ilikuwa imempauka, lakini alitembea vizuri.

Walikuwa katikati ya mabenchi gauni liliponasa kwenye msumari wa benchi.

Bénie akajikwaa. Akaanguka magoti, akicheka kwa aibu, na ili asilale kabisa akamshika baba yake mguu wa kulia.

"Papa, usiniache," akasema huku akicheka.

Kiatu kikaruka, na mguu ndani yake.

Kilimpiga usoni. Mlio wake ulisikika hadi kwenye kwaya, mlio wa kuni kavu. Kicheko cha Bénie kilikatika, damu ikamwagika juu ya gauni jeupe, na kabla mtu hajaelewa kiatu kilikuwa kimerudi nyuma na kumpiga tena. Na tena. Pale pale, kwenye jicho.

"Si minye!" Albert alikuwa akilia. "Mukamate huyu muguu! Si minye!"

Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa baba anayemnyooshea mwanawe mikono. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kinapiga kwa mpango, bila hasira, kama mtu anayepasua jiwe. Kwaya ikanyamaza. Bwana harusi, Cédrick, alijitupa juu ya mguu ule. Kiatu kikamvunja mbavu akabingirika. Shemasi mmoja akaukumbatia. Kikampiga shingoni, hakuinuka. Mchungaji alikemea pepo kwa sauti kubwa, kutoka mbali. Kila aliyeushika mguu alipigwa mpaka akaachia. Bénie peke yake hakuweza kuachia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimenasa kwenye kamba za kiatu, naye alikuwa hajui tena alipo.

Mathilde akaanguka juu ya mwanawe, mgongo wake ukawa ngao. Kiatu kikamjia mgongoni, kichwani, mdomoni. Alisikia meno yake yakiingia ndani. Alionja udongo.

Akapiga kelele, mdomo umejaa damu.

"François! Inatosha! Minye njo nilikufunga! Nilijua, nilijua, nikapaka!"

Mguu ukasimama hewani.

Kanisa lote lilikuwa limejibanza ukutani. Ungeweza kusikia damu ikidondoka benchini. Kisha mtu mmoja akatembea kutoka kwenye kwaya, kwa utulivu, kitenge kipya kikiburuzika, akaja kusimama juu yao.

"Muko munasema nini juu ya mutoto yangu?" Colette akauliza.

Albert akafungua mdomo. "Mama Colette... minye siyui..."

Mguu ukapanda juu zaidi.

"Sema!" Mathilde akalia. "Sema yote, atamuua!"

Akasema. Alisema yote, Kamatanda na kamba na mifupa, mbele ya wakwe na watu wote, akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Na kadiri alivyosema mguu ulishuka, taratibu, mpaka soli ikagusa saruji. Colette alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Akapiga magoti, akatoa vidole vya Bénie kwenye kamba kimoja kimoja, akakivua kiatu kwa upole kama mama anavyomvua mtoto aliyelala. Kikatoka bila shida. Akashusha soksi.

Juu kidogo ya kifundo cha mguu palikuwa na alama nyeusi, mbichi. Alama ya mkono ulioshika. Vidole vitatu na gumba.

"Kidole ya ine ilikatwa na mashine ya kusaga bunga," Colette akasema, hakusema kwa mtu yeyote. "Alikuwa angali mudogo."

Akaweka kiganja chake juu ya alama ile, akakaa hivyo muda mrefu.

Bénie alipoteza jicho. Aliolewa baadaye, Lubumbashi, na baba yake hakualikwa. Wachimbaji walilazimishwa kulifungua lile shimo. Walitoa maji na udongo, wakafika mwamba, hawakumkuta François. Kamba waliikuta. Mchungaji alisema kesi imekwisha, watu wasameheane. Albert aliomba msamaha barabarani kwa magoti, na Colette alimwambia ainuke.

Lakini alama haikutoka. Walijaribu sabuni, chumvi, mafuta ya maombi. Baada ya miezi kadhaa Mathilde, akimwogesha mumewe aliyekuwa amedhoofika, aliona haipo tena pale kifundoni. Ilikuwa chini ya goti. Mvua zilipoanza ilikuwa pajani. Sasa zilikuwa mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, mmoja umetangulia mwenzake kama ya mtu anayepanda kamba.

Colette huja kila Jumapili baada ya ibada. Mathilde humfungulia, humwekea kiti, humpa chai. Hana mdomo wa kumkataza. Albert huinua shati bila kuambiwa. Mikono imeshafika mbavuni, na akipumua unaona vidole vikijikaza. Colette huinama, huweka kiganja chake pale, huongea kwa sauti ya chini, yenye upendo wote wa mama.

"Panda, mutoto yangu," humwambia. "Panda polepole. Usiachie."